Daraja Fupi Likoni? Madai Saba na Majibu Yake

Feri ilikuwa imeshajaa upande wa kisiwani, lakini haikuondoka. Meli ya makasha ilikuwa inaingia bandarini, na pale Likoni meli ikipita, feri hungoja. Manung'uniko yakaanza kama kawaida: huyu atachelewa kazini, yule ana mgonjwa ng'ambo, muuza kashata anapiga hesabu ya wateja wanaomkimbia. Meli ikatukatia mbele polepole, rubani ndani, tagi ubavuni, kama mtaa mzima umeng'olewa ukawekwa juu ya maji. Kijana wa bodaboda aliyekuwa amekalia pikipiki yake akamgeukia mzee jirani: "Mzee wangu, kweli tumeshindwa kuwekewa kidaraja hapa? Ng'ambo ile pale, mtu anaiona!"

Mzee hakumjibu. Aliinua kidole akakielekeza kwenye ncha ya mlingoti wa rada, akakiacha hapohapo mpaka meli ikaisha kupita.

Makala haya ni maelezo ya kidole kile. Mkondo wa Likoni una upana wa kama nusu kilomita tu, na inakadiriwa kwamba feri zake huvusha watu zaidi ya 300,000 kwa siku pamoja na magari kama 6,000. Upana wa namna hiyo si kitu kwa wahandisi wa leo. Kinachotushinda ni kimo. Na kwa kuwa kimo hakionekani kwa macho ya aliye pwani, kila mtu ana dai lake. Nimeyakusanya saba, yote nimeyasikia mara nyingi kwenye feri, vibarazani na kwenye matatu.

Kabla ya kuyajibu, tukubaliane jambo moja. Chombo chochote, kuanzia ngalawa hadi meli ya makasha, kina kimo kimoja kisichobadilika, kutoka mkukuni hadi ncha ya mlingoti. Maji hukigawa kimo hicho mara mbili. Sehemu iliyo ndani ya maji tuiite mzamo, na iliyo nje tuiite kimo cha juu. Mzamo ukiongezeka, kimo cha juu kinapungua kwa kiasi hichohicho, ukipungua, kinaongezeka. Ni kama kijiti kwenye ndoo. Ukishalishika hilo, nusu ya madai yanajibika yenyewe.

Dai la 1: "Dar es Salaam wamejenga Kigamboni, na bandari yao inaendelea"

Wamejenga, tena daraja zuri. Daraja la Nyerere la Kigamboni lina urefu wa mita 680 na lilifunguliwa Aprili 2016. Lakini anayelitumia kama hoja aende akasimame juu yake, kisha ajiulize bandari iko upande gani. Daraja lile linavuka mkono wa bahari wa Kurasini, huko ndani, ukishayapita magati. Meli kubwa huingia kwa mlango wa Magogoni, hufunga gatini, hupakua, hugeuka na kutoka. Daraja hazilifikii.

Na pale Magogoni kwenyewe, mlangoni pa bandari, kuna nini? Kuna pantoni. Watu wa Dar wanavuka kwa pantoni mpaka leo mahali ambapo meli hupita, kwa sababu ileile inayotuweka sisi kwenye feri.

Hata hapa Mombasa tumeshalijua somo hili bila kuliandika. Nyali tulikuwa na daraja la kuelea tangu 1931, na hili la zege tunalopita leo ni la 1980. Liko juu ya mkono wa Tudor, ndani kupita Bandari ya Kale, ambako wenyeji wa maji ni mashua na ngalawa. Barabara ya Dongo Kundu nayo inazunguka kwa nyuma, na madaraja yake ya Mwache na Mteza yanavuka mikono ya bahari huko ndani ambako meli kubwa haziendi. Madaraja yetu yote ya kudumu yamekwepa njia ya meli. Likoni ndipo pasipokwepeka: ni mlango wa bandari ya Kilindini, na hakuna meli inayoingia kwa dirisha.

Dai la 2: "Meli zingoje maji kupwa, zitapita chini yake"

Dai hili lina harufu ya ukweli, ndiyo maana linapendwa. Mtu wa pwani anajua kwamba maji yakipwa, chombo kinashuka, na nafasi chini ya daraja inaongezeka. Tatizo ni kipimo chake. Mombasa, siku za bamvua, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa huzidi kidogo mita 3. Siku za maji mafu tofauti hiyo ni ndogo zaidi. Sasa chukua daraja lililoacha mita 30 na meli yenye kimo cha juu cha mita 45. Unahitaji mita 15. Bahari hata ipwe vipi, mita 15 haina.

Kosa la pili ndilo kubwa zaidi, na halitajwi. Mita unayoipata kichwani umeikopa miguuni. Maji yanaposhuka mita moja, mlingoti unapata nafasi ya mita moja na mkuku unapoteza maji ya mita hiyohiyo. Njia ya kuingilia Kilindini ilichimbwa hadi karibu mita 15 ili meli nzito zipite. Meli iliyojaa shehena mara nyingi inataka maji yaliyojaa ili isiguse chini. Ukiiambia ingoje maji yapwe ili isiguse juu, umeifungia milango yote miwili.

Watu wa ramani za baharini wamelijua hilo zamani. Kwenye ramani zao, kina cha bahari hupimwa kuanzia maji yaliyopwa sana, lakini kimo cha daraja hupimwa kuanzia maji yaliyojaa. Kila kipimo kimewekwa kwenye hali mbaya kwa nahodha, ili akikosea akosee upande wa salama. Anayepanga daraja kwa kutegemea maji kupwa anaanza hesabu kwenye hali nzuri, na bahari haina desturi ya kumsubiri mtu kwenye hali nzuri.

Dai la 3: "Meli ikishashusha mzigo inakuwa ndogo, kutoka haina shida"

Hapa watu wengi wameteleza, hata wasomi. Tunazoea lori: likishusha mzigo, linapungua kimo. Meli ni kinyume. Ikishusha mzigo inapanda. Meli tupu ndiyo ndefu.

Ukibahatika kusimama karibu na ubavu wa meli iliyofunga gatini, tazama katikati ya urefu wake, karibu na maji. Utaona duara limekatwa na mstari mmoja wa kulala, na pembeni yake vijistari kama ngazi, kila kimoja na herufi yake. Ile T ni ya bahari za joto kama hii yetu, S ni ya kiangazi, W ni ya majira ya baridi, F ni ya maji baridi ya mito na maziwa. Huo ndio mstari unaohusishwa na Samuel Plimsoll, mbunge wa Uingereza aliyepigania sheria ya 1876 baada ya mabaharia wengi kufa kwenye meli zilizopakiwa kupita kiasi. Maji yakilifunika duara hilo kupita herufi inayohusika, meli imezidishiwa. Kwenye omo na tezi kuna tarakimu zinazoonyesha mzamo, moja juu ya nyingine kama rula iliyosimamishwa. Meli inapopakuliwa, tarakimu zilizokuwa zimezama hutoka moja moja, zimelowa, na rangi nyekundu ya chini inaanza kuonekana. Kila tarakimu inayotoka majini, ncha ya mlingoti nayo imepanda kwa kiasi hicho.

Tupige hesabu ya meli ya wastani, urefu wa mita 200 na upana wa mita 30. Kwa kuwa omo na tezi zimechongoka, eneo linalokalia maji ni kama mita 5,000 za mraba. Kuizamisha meli hiyo sentimita 1 kunahitaji tani kama 51 za mzigo. Kuizamisha mita 1 ni tani 5,100. Sasa ikiwa imeingia na shehena kamili, ikapakua tani 15,000 na kupakia 5,000 tu, itatoka ikiwa imepungukiwa tani 10,000, yaani imeinuka karibu mita 2. Na hiyo ndiyo hali ya Kilindini: tunaagiza zaidi ya tunavyouza nje, na makasha mengi yanarudi matupu. Meli inayoingia inatishia chini. Inayotoka inatishia juu.

Mtu atasema: si watie maji? Kweli, meli hutia maji ya bahari kwenye matangi yake ili itulie, kama manahodha wa majahazi walivyokuwa wakitia farumi ya mawe na mchanga. Lakini matangi yana mwisho, na kazi ya farumi ni kuituliza meli isilale ubavu. Huwezi kupanga daraja la miaka mia moja kwa kutegemea kwamba kila nahodha atajaza matangi yake kila anapotoka.

Dai la 4: "Meli za siku hizi hujikunja"

Zipo zinazojikunja, na hadithi yao inafaa kusimuliwa. Oasis of the Seas, meli kubwa ya watalii iliyoundwa Ufini, ilitoka Bahari ya Baltiki mwaka 2009. Njiani kulikuwa na Daraja la Great Belt la Denmark, lenye nafasi ya mita 65, na meli yenyewe ilikuwa na kimo cha juu cha takriban mita 72. Mabomba yake ya moshi yalitengenezwa ya kushuka, yakashushwa. Hata hivyo nafasi iliyobaki ilikuwa chini ya mita moja. Nahodha aliongeza mwendo, kwa sababu meli ikikimbia kwenye maji yasiyo na kina kikubwa hudidimia kidogo. Ikapita.

Watu husimulia kisa hicho kama ushahidi kwamba meli zinaweza kujikunja. Mimi naona kinathibitisha kinyume chake. Bomba maalumu, hali ya hewa ya kuchagua, mwendo wa kupangwa na safari ya mara moja maishani, vyote hivyo ili kupata mita chache tu chini ya daraja ambalo tayari lilikuwa na mita 65. Meli ya makasha inayoingia Kilindini haina anasa hiyo. Inaweza kulaza mlingoti wa rada au antena, mita kadhaa. Jengo la nahodha halikunjwi. Makasha yaliyopangwa kwenye sitaha hayakunjwi.

Na kuna mgeni mwingine tunayemsahau kila mara: kreni. Zile kreni kubwa za gatini mara nyingi hazifiki vipande vipande kama kitanda cha kuunganisha. Huletwa zimesimama juu ya meli maalumu, miguu imechomelewa kwenye sitaha. Zinazopelekwa bandari ya Oakland, California, hupita chini ya madaraja ya ghuba ya San Francisco zikiwa zimelaza mikono, kwa saa iliyochaguliwa na kwa nafasi ya kuhesabu. Bandari ikiwekewa daraja fupi mlangoni, siku ya kuhitaji kreni mpya ndipo itakapojua imejifungia nini.

Dai la 5: "Basi daraja lifunguke katikati"

Hili linastahili heshima kuliko mengine, kwa sababu linajibu swali la kimo kwa kulikataa: badala ya daraja refu, daraja linaloondoka njiani. Tower Bridge ya London inafanya hivyo tangu 1894, na bado hufunguliwa mara mia kadhaa kwa mwaka. Kule Misri, daraja la reli la El Ferdan, lililofunguliwa 2001, huzunguka kando kuzipisha meli za Mfereji wa Suez, na nafasi yake ya mita 340 ndiyo ndefu kuliko zote duniani kwa madaraja ya kuzunguka.

Lakini tazama nani anangoja. London, meli hutoa taarifa mapema na magari husimama. El Ferdan, daraja muda mwingi liko wazi kwa meli, na treni ndiyo inayongoja. Sasa weka kitu hicho Likoni, penye magari 6,000 kwa siku. Meli ya makasha haiwezi kufunga breki ikangoja lori la mwisho livuke. Lazima daraja liwe limefunguka na kuthibitishwa wazi kabla meli haijafika. Foleni zitakazorudi nyuma hadi mjini mtazihesabu wenyewe. Na siku mtambo ukikataa daraja likiwa limefungwa, bandari imefungwa, na bidhaa za Kenya, Uganda, Rwanda na mashariki ya Kongo zimekwama nyuma ya skrubu moja.

Tumeshaonja sehemu ya somo hili. Daraja la kuelea la Liwatoni, lililoanza kutumika mwanzoni mwa 2021 wakati wa janga la korona, lilikuwa la waenda kwa miguu tu, na katikati yake palifunguliwa ili meli ipite. Kwa nia ya kupunguza msongamano wa dharura, lilieleweka. Hata lenyewe lilinyamaza meli ilipokuja. Aliyewahi kufika pale akakuta njia imekatwa maji katikati anajua kwamba daraja linalofunguka, kwa anayengoja, ni feri kwa jina lingine.

Dai la 6: "Mita 69 ni majivuno, anzeni na la chini, litainuliwa baadaye"

Mipango iliyotangazwa ya daraja la Likoni inataja kimo cha karibu mita 69 juu ya bahari. Wengi wanaiona namba hiyo kama ya kujionyesha. Ina sababu zake.

Meli kubwa inayotoka Ulaya kuja huku ikipitia Suez hupita chini ya daraja la barabara lililofunguliwa 2001 kwa msaada wa Japani, lenye nafasi ya mita 70. Kwa usalama, meli za mfereji huwekewa mpaka wa mita 68. Bandari yenye mlango wa mita 69 basi inasema neno moja tu: anayepita Suez apite na kwangu. Ukiweka mita 50, unasema: baadhi yenu msije. Na meli zinakua. Zile kubwa za makasha, zenye urefu wa mita 400, zina zaidi ya mita 70 kutoka mkukuni hadi ncha ya mlingoti. Hata zikizama mita 16 kwa mzigo, juu ya maji hubaki zaidi ya mita 54, na zikiwa nyepesi huongezeka.

Daraja likishasimama, linatawala meli ambazo bado hazijachorwa. Daraja la Amerika kule Panama lilifunguliwa 1962, na leo, zaidi ya miaka 60 baadaye, ndilo linaloamua kimo cha meli zinazoingia mferejini kutoka Pasifiki. Daraja la Verrazzano la New York ni la 1964. Queen Mary 2, iliyoanza safari 2004, ilichorewa bomba fupi kuliko lililofaa umbo lake ili ipite chini yake. Waliochora daraja wengi wao walikuwa wameshastaafu, na bado walikuwa wanaamuru fundi wa meli akate wapi.

Kuhusu "litainuliwa baadaye": kuna mji uliojaribu. Daraja la Bayonne, kati ya New York na New Jersey, lilijengwa 1931 likiacha kama mita 46. Ilitosha kwa meli za wakati huo na kwa vizazi viwili vilivyofuata. Mfereji wa Panama ulipokuwa unapanuliwa kwa meli kubwa zaidi, upanuzi uliokamilika 2016, ikaonekana kwamba meli hizo zitafika New York zikute mlango ni mfupi. Ikabidi barabara nzima iinuliwe ndani ya tao lilelile, magari yakiendelea kupita, hadi kama mita 65.5. Njia mpya ilipofunguliwa 2017 na kazi ilipokwisha miaka miwili baadaye, gharama ilikuwa imepita dola bilioni moja na nusu. Hiyo ni kuinua tu. Na walikuwa na bahati kwamba tao la 1931 lilikuwa na nafasi ya kupandisha barabara ndani yake. Daraja la nyaya au la nguzo fupi halina tumbo la namna hiyo. Anayesema tujenge la chini sasa tuinue baadaye anatuambia tununue daraja mara mbili.

Dai la 7: "Likijengwa refu, tumemaliza"

Dai hili ni la upande wangu, na ndilo ninaloliogopa zaidi. Wenzangu tunaotaka daraja refu tunapenda kusema kwamba kimo kikipatikana, mengine ni rangi na taa. Si kweli, kwa sababu mbili.

Ya kwanza ni ya meli. Tarehe 26 Machi 2024, usiku, meli ya makasha iitwayo Dali ilikuwa inatoka bandari ya Baltimore, Marekani. Daraja la Francis Scott Key liliacha nafasi ya kama mita 56, na meli za aina hiyo zilikuwa zikipita chini yake mara kwa mara. Umeme wa meli ukakatika, usukani ukafa, meli ikapotea njia na kugonga nguzo. Sehemu kuu ya daraja ikaanguka kwa sekunde chache. Mafundi sita waliokuwa wakiziba mashimo barabarani juu yake walikufa. Mlingoti haukugusa kitu. Kimo kilikuwa sahihi. Miguu ya daraja ndiyo iliyokuwa wazi kwa meli yenye urefu wa mita 300.

Mwaka uliofuata, tarehe 17 Mei 2025, meli ya mafunzo ya jeshi la wanamaji la Mexico, Cuauhtémoc, iligonga Daraja la Brooklyn na mabaharia wawili wakapoteza maisha. Milingoti yake ina mita 48 hivi na daraja liliacha kama mita 41. Hakuna aliyekuwa amepiga hesabu vibaya, maana haikukusudiwa kupita chini ya daraja hilo kabisa. Ilikuwa inatoka gatini, ikarudi kinyumenyume mpaka darajani. Kimo cha daraja kinamlinda nahodha anayeitawala meli yake. Meli isiyotawaliwa haisomi kibao. Kwa hiyo Likoni tunataka nguzo zinazosimama nje ya njia ya meli, zenye kinga zake majini, na tagi zinazoisindikiza meli mpaka ipite. Hayo yaandikwe kwenye mkataba pamoja na mita 69, yasiachwe kwa bajeti ya mwaka wa pili.

Sababu ya pili ni ya watu, na hapa nawaomba radhi wahandisi. Ukiacha mita 69 chini ya daraja, ukaongeza unene wa daraja lenyewe, barabara inapita kama mita 72 juu ya bahari. Kwa mwinuko wa mita 5 kwa kila mita 100, gari linahitaji karibu kilomita moja na nusu ya kupanda na nyingine kama hiyo ya kushuka. Kwa lori, sawa. Lakini wengi wa wale 300,000 hawana lori. Wanavuka kwa miguu: mama mwenye beseni la samaki, mwanafunzi na begi lake, kibarua wa bandarini, mgonjwa anayekwenda hospitali. Leo wanavuka bure kwa feri, wamesimama, kwa dakika chache kama hakuna meli. Kesho tuwaambie wapande kimo cha jengo la ghorofa zaidi ya 20 kwenye jua la Mombasa, kisha washuke upande wa pili?

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Daraja la Likoni ama liwe refu ama lisiwepo, kwa sababu fupi litaifunga bandari inayotulisha. Na likishakuwa refu, halitakuwa daraja la mwenda kwa miguu. Litakuwa la magari, na feri itabaki kuwa daraja la watu.

Siku ya baraza la wananchi, wakija na michoro yao ya rangi, usiulize litakamilika lini. Hilo watakujibu kwa tabasamu. Uliza matatu. Mita 69 zimepimwa kuanzia maji yapi, ya kujaa au ya kupwa? Nguzo zimesimama wapi, na zina kinga gani? Na feri mpya za waenda kwa miguu ziko kwenye ukurasa wa ngapi? Kama la tatu halina ukurasa, mwambieni mchoraji akae chini, arudi na mchoro mwingine.